Ukiibiwa kiinimacho, utamshtaki nani?

Wasee, leo tunaanza na filamu ya kuchekesha, lakini tukifika mwisho sidhani tutakuwa tunacheka sana.

Inaitwa The Incredible Burt Wonderstone, ilitoka 2013. Steve Carell ni Burt, msanii wa mazingaombwe pale Las Vegas ambaye amepiga shoo moja miaka nenda miaka rudi mpaka imemchosha hata yeye. Steve Buscemi ni Anton, rafiki yake wa utotoni na mwenzake jukwaani. Wana nguo za kumetameta, wana nywele za ajabu, na hawapatani tena. Halafu anatokea Steve Gray, ambaye ni Jim Carrey. Huyu kazi yake ni barabara na kamera. Anapasua shavu lake mwenyewe atoe karata ndani. Analala juu ya makaa ya moto. Mwishowe anajitoboa kichwa kwa drili na watu wanashangilia.

Kama wewe ni mtu wa kontenti, hiyo filamu itakugusa mahali. Burt ni yule mchekeshaji wa TV ambaye bado anatumia mzaha wa 2009. Gray ni yule msee wa TikTok ambaye kesho atakunywa chochote bora video ipae. Ugomvi wao ni wa maringo, wa nani yuko kwa fasheni. Kila mtu ana staili yake na anaringa nayo.

Sasa, ukisoma ugomvi wa wasanii wa mazingaombwe wa kweli, miaka mia moja na kitu iliyopita, utakuta jambo lingine kabisa. Utakuta wizi. Nani alimchukulia nani, lini, na nani alilipwa. Na chini ya hayo yote kuna swali ambalo linatuhusu sisi tunaopost kila siku: mtu akikuibia kazi yako, amekuibia nini hasa?

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo usitarajie hotuba ya profesa. Nitawapa stori ya watu wawili, halafu nyingine mbili fupi, halafu niwaambie ninachofikiria.

BAKULI LA MAJI

Mwaka 1898 kulikuwa na maonyesho makubwa mjini Omaha, Marekani. Moja ya vikundi vilivyokuja kilitoka Uchina, kikiongozwa na jamaa anayeitwa Zhu Liankui. Jukwaani alijiita Ching Ling Foo.

Kiinimacho chake kikubwa kilikuwa hivi. Anatoka amevaa joho refu. Anaonyesha kitambaa kikubwa, mbele na nyuma, hakuna kitu. Anakitandaza, anakiinua, na hapo sakafuni pana bakuli kubwa limejaa maji mpaka mdomoni. Hakuna meza ya kufichia, na sakafu haina tundu. Watu walichizi.

Siri yake? Bakuli lilikuwa naye tangu alipotoka nyuma ya pazia. Lilikuwa limefichwa chini ya joho, kati ya miguu. Kazi yote ilikuwa kutembea nalo kama mtu ambaye hajabeba kitu, bila kumwaga hata tone. Jaribu na ndoo ya lita ishirini hapo kwenu halafu unipe ripoti.

Kumbuka pia hii ilikuwa Marekani ipi. Tangu 1882 kulikuwa na sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Yaani nchi iliyomfungia Mchina wa kawaida mlango ndiyo hiyohiyo ilikuwa inapanga foleni kumlipia huyu mmoja tiketi.

Foo alipata jina haraka, na kwa kujiamini akaweka dau: dola 1,000 kwa yeyote atakayeweza kufanya kiinimacho cha bakuli. Dola elfu moja wakati huo zilikuwa pesa ndefu sana.

Hapo ndipo anaingia William Robinson.

Robinson alizaliwa New York mwaka 1861. Alikuwa fundi, yule mtu wa nyuma ya jukwaa anayetengeneza masanduku yenye milango ya siri. Alifanya kazi kwa Harry Kellar na kwa Alexander Herrmann, ambao walikuwa wapinzani wakubwa wa mazingaombwe Marekani nzima. Fikiria mtu mmoja amefanya kazi kwa mahasimu wote wawili na anajua siri za kila upande. Shida yake ilikuwa moja. Akisimama mbele ya watu na kuongea, alipoa. Hakuwa na mdomo wa jukwaani.

Na kuigiza kuwa mtu wa Mashariki hakukuwa kugeni kwake. Kulikuwa na Mjerumani anaitwa Max Auzinger aliyejiita Ben Ali Bey, akijifanya mtu wa Mashariki. Robinson akachukua ile staili, akajiita Achmed Ben Ali. Hiyo ni nakala ya feki.

Robinson aliangalia bakuli la Foo na akalielewa. Alitaka kuchukua lile dau, lakini upande wa Foo haukumkubalia, na pesa hakuziona.

Mwaka 1900 nafasi ikatokea Paris. Ukumbi wa Folies Bergère ulitafutiwa msanii wa mazingaombwe Mchina. Robinson akanyoa masharubu, akapaka uso rangi, akavaa joho la hariri na msuko mrefu mgongoni. Mwanzoni alijiita Hop Sing Soo. Muda si muda jina likabadilika kuwa Chung Ling Soo.

Hebu soma polepole. Ching Ling Foo. Chung Ling Soo. Ni kama ile redio ya bei ya kutupa ambayo ukiangalia vizuri jina lake lina herufi moja ya ziada.

Na ile shida ya kuongea? Aliimaliza kwa kutoongea kabisa. Mbele ya watu hakutamka Kiingereza. Waandishi wa habari wakimhoji, msaidizi wake Mjapani anayeitwa Kametaro anajifanya mkalimani. Swali kwa Kiingereza, Kametaro anamgeukia bosi, bosi anajibu kwa sauti zisizo lugha yoyote duniani, Kametaro anarudisha jibu. Mwenzake wa jukwaani, Dot, Mmarekani, akawa Suee Seen. Matangazo yakasema babake Soo alikuwa mmishonari kutoka Scotland na mamake Mchina.

Mwaka huohuo akaenda London, ukumbi wa Alhambra, akalipuka. Wakati huo wanajeshi wa Uingereza walikuwa Uchina wakipigana na Mabondia, wale waliotaka kufukuza wageni nchini mwao. London ilikuwa na hamu ya kuona "Uchina", mradi iwe ile iliyokuwa tayari vichwani mwao. Robinson alijua kuitengeneza vizuri.

JANUARI 1905

Miaka karibu mitano inapita. Foo mwenyewe anatua London, anapewa ukumbi wa Empire. Soo wakati huo yuko Hippodrome. Kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine ni mwendo mfupi tu wa miguu, pale eneo la Leicester Square. Mabango yao yanaonekana mtaa mmoja.

Foo akakasirika, na nani asingekasirika? Akatangaza hadharani kwamba yule si Mchina, na kwamba hawezi kufanya hata nusu ya viinimacho vyake. Akaweka dau tena. Gazeti la Weekly Dispatch likaona biashara, likaandaa pambano ofisini kwake mbele ya waandishi.

Siku ikafika. Soo akaja. Foo hakutokea.

Upande wa Foo ulisema kwamba kwanza Soo athibitishe ni Mchina, ndipo washindane. Kwa haki, Foo alikuwa sahihi. Lakini waandishi walikuwa wameshakaa na kalamu mkononi, na mtu pekee aliyekuwa mbele yao ni Soo. Akafanya viinimacho vyake, vikiwemo vya Foo, na magazeti yakampa ushindi.

Yaani Mchina wa kweli alipoteza pambano la Wachina kwa Mzungu wa New York. Baadaye Foo akaondoka London, Soo akabaki akiwa staa.

Nimefikiria sana kwa nini ilikuwa hivyo. Watu wa fani na waandishi wengi walijua Soo ni Mmarekani. Haikuwa siri kubwa. Watu hawakujali tu. Wao walimwona Soo kwanza, kwa miaka, kwa hivyo kwao yeye ndiye alikuwa orijino. Foo alipofika, macho yao yalimwona kama mwigaji. Aliyetangulia kuiba alikuwa amekaa kwenye kiti mpaka kikapata umbo lake.

Hiyo naijua. Kuna klipu yangu ilichukuliwa na ukurasa mkubwa, ikakatwa pale palipokuwa na jina langu. Ilipofika watu wengi, nikaipost tena kwangu. Komenti ya kwanza: "Acha kuiga, hii niliiona kwa wengine wiki iliyopita." Maze, niliangalia simu nikakosa cha kuandika.

Lakini tuwe wakweli upande wa pili pia, kwa sababu stori hii si rahisi hivyo. Kiinimacho cha bakuli hakikubuniwa na Foo. Ni cha jadi kule Uchina, kilikuwepo kabla yake. Na Robinson hakuwa mvivu. Alikuwa fundi wa hali ya juu, alijenga shoo kubwa yenye mapambo na viinimacho vyake mwenyewe. Angetumia jina lake na bakuli lile, tungesema amejifunza kutoka kwa wengine kama kila msanii. Jambo alilochukua lilikuwa zaidi ya bakuli. Alichukua umbo la Foo: jina, joho, msuko, jinsi ya kutembea, ule unyamavu. Foo akawa vazi ambalo mtu mwingine analivaa usiku na kulilipiwa.

Na vazi hilo bado linatembea. Umeona The Prestige ya Christopher Nolan, ya 2006? Kuna pale vijana wawili wa mazingaombwe wanamwangalia mzee Mchina akitoa bakuli la maji, na mmoja anagundua kwamba hata akiwa nje mzee anatembea kwa shida makusudi, ili siri isijulikane. Ni kiinimacho kilichompa Foo jina. Lakini mzee kwenye filamu anaitwa Chung Ling Soo. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Hollywood bado inampa mwigaji sifa.

RISASI

Mwisho wa Robinson unajulikana na kila mtu wa fani hiyo. Moja ya shoo zake kubwa ilikuwa kudaka risasi. Matangazo yalidai kwamba Mabondia walimhukumu kupigwa risasi na akapona. Watazamaji wanaweka alama kwenye risasi, bunduki mbili za kizamani zinajazwa kwa mdomo, zinafyatuliwa, na Soo anadaka risasi kwa sahani.

Ilifanywa hivi. Risasi zenye alama zinabadilishwa kwa ujanja kabla ya kuingia kwenye bunduki, zile za alama zinaishia kwake. Bunduki nazo zilikuwa zimerekebishwa. Moto haukwenda kwenye mtutu wenye risasi, ulikwenda kwenye bomba la chini, lile la kuwekea ufito wa kushindilia. Mlio unasikika, moshi unatoka, risasi inabaki ndani.

Baada ya kila shoo, alizifungua bunduki kwa nyuma mwenyewe ili kutoa risasi na baruti. Kwa miaka, nati zikalegea, baruti ikapenya mahali ambapo haikutakiwa kufika. Usiku wa Machi 23, 1918, ukumbi wa Wood Green Empire, London, moto ulifika kwenye mtutu wa kweli. Risasi ikampiga kifuani. Inasimuliwa kwamba alipaza sauti kwa Kiingereza safi pazia lishushwe, na kwa wengi ukumbini ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiongea lugha hiyo. Alikufa asubuhi yake. Uchunguzi ukasema ni ajali.

Sitasema kwamba ni malipo ya Mungu. Mtu alikufa kazini kwa sababu ya kifaa kilichochakaa. Foo aliendelea kufanya shoo, akarudi Marekani akapokelewa vizuri, na akafariki 1922.

SANDUKU NA MSUMENO

Sasa mtu atauliza: si wangeenda tu kortini? Walienda. Sikia kilichotokea.

Januari 1921, pale London, Percy Selbit alimkata mwanamke kwa msumeno ndani ya sanduku, mbele ya watu. Ilikuwa habari ya mjini. Nje ya ukumbi, wafanyakazi wake walimwaga ndoo za maji mekundu mtaroni watu wakipita. Miezi michache baadaye Horace Goldin akafanya toleo lake New York. Lake lilikuwa tofauti, kichwa na miguu ya mtu ilionekana nje ya sanduku, lakini wazo ni lilelile. Naye akatuma gari la wagonjwa lizunguke mjini likitangaza shoo. Selbit alipofika Marekani akakuta Goldin ameshasajili majina yote mazuri ya shoo hiyo, hadi Selbit akakosa cha kujiita.

Goldin alitaka kujilinda zaidi, akapata hataza ya serikali mwaka 1923. Akili, si ndiyo? Tatizo ni kwamba hataza ni karatasi ya umma. Ili upewe, lazima uandike jinsi kitu kinavyofanya kazi, na yeyote anaweza kusoma. Mwaka 1933 kampuni ya sigara za Camel ikatoa matangazo yanayofichua viinimacho, na hicho kikiwemo. Goldin akashtaki. Mwaka 1938 akashindwa, kwa sababu siri aliyokuwa anailinda alikuwa ameitoa mwenyewe.

WARIDI NA KIVULI CHAKE

Ya mwisho ni ya juzi. Unamjua Teller, yule mfupi asiyeongea wa Penn & Teller? Tangu miaka ya 1970 ana shoo inaitwa Shadows. Kuna waridi kwenye chupa, taa inapiga kivuli chake kwenye karatasi nyuma. Teller anakata kivuli kwa kisu. Na popote anapokata kivuli, majani ya waridi la kweli yanaanguka. Huimbi, husemi, unakaa tu na ngozi inasisimka.

Mwaka 2012 msanii mmoja wa Ulaya akaweka YouTube video ya kitu kinachofanana sana na hicho, akitangaza kuuza kifaa chake. Teller akaenda mahakamani kule Nevada na mwaka 2014 korti ikampa haki.

Ameshindaje wakati Goldin alishindwa? Mwaka 1983 Teller alikuwa ameisajili Shadows kwa hakimiliki kama igizo la bila maneno. Aliandika hatua kwa hatua: anasimama wapi, anakata nini kwanza, mwanga uko wapi. Korti ilisema kiinimacho chenyewe hakilindwi na hakimiliki. Jinsi ya siri mtu yeyote anaweza kuitafuta. Lakini lile igizo, yule mtu na yale matendo yaliyopangwa, ni kazi yake.

Rudi sasa kwa Foo. Bakuli lilikuwa la kila mtu. Namna yake ya kuwa jukwaani ilikuwa yake peke yake, na hakukuwa na karatasi popote inayosema hivyo. Alikuwa mgeni, katika nchi isiyomtaka, akitegemea kwamba watu wataona wenyewe. Hawakuona.

Hapa Kenya Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inafuata njia hiyohiyo. Wazo la skiti, kwa mfano mama anamshika kijana anarudi usiku wa manane, si lako, hata kama uliliwaza kwanza. Lakini ile skripti, yale maneno, ile video, ni yako tangu ilipotoka mkononi mwako. Usajili pale KECOBO si lazima ili uwe na haki, lakini unakupa ushahidi wenye tarehe, na unafanyika mtandaoni. Wengi wetu tuna klipu mia tatu na hatujasajili hata moja. Tunalia kwenye komenti.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Mimi sitagombana na mtu aliyechukua wazo langu akaligeuza lake. Hivyo ndivyo sanaa inavyokua, na hata mimi nimechukua kwa wengine. Lakini mtu akivaa sauti yangu, ishara zangu, sentensi zangu, halafu akafuta jina, huyo ni Robinson, na nitafuata karatasi badala ya kulalamika.

Na wewe unayeangalia tu, una kazi pia. Wale watu wa London walijua, na wakaendelea kununua tiketi. Ukijua klipu ni ya nani, andika jina lake hapo chini. Haikugharimu kitu, na kwa mtu ambaye anaanza ni tofauti ya kuendelea au kuacha.

Nianze mimi. Mtu aliyetembea na lile bakuli Omaha mwaka 1898 aliitwa Zhu Liankui.